Mota Isiyojua Ilipo

Saa ya ukutani mliyonipa, mafundi wenzangu, siku ya kuniaga nimeitundika sebuleni juu ya kabati, na inafanya kazi vizuri. Nawashukuru. Ila bado sijaelewa mtu aliyeacha kazi anatafuta nini na saa. Naamka wakati uleule wa zamani, nachemsha chai, halafu nakaa nikiitazama kwa hasira kidogo kwa sababu hakuna mahali ninapochelewa. Mmoja wenu, na anajijua, akaniambia kwenye simu, "Mathe, si uandike basi, badala ya kutupigia kila asubuhi kuuliza kama tumepaka mashine grisi?" Haya, naandika. Na hiyo grisi mpake.

Sitaandika habari za vyeo. Nilipanda polepole na hakuna aliyeumia. Nitaandika kazi yenyewe.

Nilianza kwenye kiwanda kimoja cha nguo upande wa Industrial Area. Wakati huo nilikuwa bado kwa wazazi wangu Shauri Moyo, baba akiwa dereva wa lori, mama akiuza mitumba Gikomba, na kazini nilikuwa naenda kwa miguu. Siku ya kwanza nilivaa sketi, na viatu vya kanisani. Msimamizi wa mafundi alikuwa Bwana Salim, mzaliwa wa Pumwani, mfupi, mwenye kofia ya kufuma na sauti ya taratibu. Aliitazama sketi, akaitazama mashine, akasema, "Binti, hii mashine haina adabu. Kesho njoo na suruali." Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu yote, na wala hayakuwa mabaya. Mafundi wengine walikuwa wamenikaribisha kwa kuniuliza kama nimekuja kupika chai.

Kisha akanipa penseli. Nikatafuta karatasi. Akacheka, akaichukua penseli yake, akachora mstari mmoja uliopita juu ya shafti, ule mhimili wa mota unaozunguka, na kuendelea kwenye bodi ya mashine, mstari ulionyooka. "Iwashe. Iende, irudi." Ikaenda, ikarudi, na vipande viwili vya mstari vikakutana tena. "Sasa umeona imerudi," akasema. "Ile namba kwenye skrini ni maneno yake tu. Muulize shafti." Nimetumia vyombo vya bei mbaya tangu siku hiyo, vya kupima mawimbi na vya kupima kila kitu, lakini penseli haijawahi kutoka mfuko wangu wa kifua.

Kwa wale mlioanza juzi na mnaona aibu kuuliza, nitasema hapa mara moja. Mota ya stepa huamriwa kwa midundo. Kila mdundo, inasogea hatua moja ndogo. Kisanduku kinachoiamuru kinahesabu midundo kiliyotuma, basi. Mota ikikwama, au kitu kikiizuia njiani, kisanduku hakina habari, kinaendelea kuhesabu kwa furaha na kukuambia kazi imekamilika. Mota ya savo ina enkoda mgongoni. Hicho ni kidude chenye kisahani cha kioo kilichochorwa mistari myembamba, taa ikiwa upande huu na jicho upande wa pili. Shafti ikizunguka, mistari inakatiza taa, jicho linaona, habari zinarudi kwenye kisanduku kwamba tumefika hapa, bado pale. Kama mota imepitiliza, inarudishwa. Tofauti ni hiyo tu. Nimesoma vitabu vinene vinavyosema jambo hilohilo na vinakuchosha kabla hujafika.

Nilipotoka kiwandani nikaanza kutembelea wateja, nilijifunza kwamba watu wakishindwa na mashine humtafuta adui kwanza. Kariokor palikuwa na fundi wa ngozi, Musyoka, ambaye alinunua mashine ya kukata mikanda na mikoba, ya stepa. Asubuhi inakata sawa, alasiri matundu ya mkanda yanakwenda upande kama mlevi. Musyoka alibadilisha kompyuta. Akabadilisha upande ambao mashine inatazama, kwa sababu jirani yake muuza viatu vya akala alikuwa na kijicho. Nilipofika, nikachora mstari kwenye shafti ya mota na mwingine kwenye puli, kigurudumu kinachovuta mkanda wa mashine, nikaiacha ifanye kazi. Jioni mstari wa shafti ulikuwa pale pale, wa puli ulikuwa umehama. Skrubu ya puli ilikuwa imelegea, mota inazunguka ndani yake na kuamini inavuta.

"Skrubu?" Musyoka akauliza. Alikuwa amekasirika kabisa. "Mama, pasta ameiombea hii mashine."

"Ni vizuri. Sasa shika hapa tuikaze."

Hakunipigia simu tena kwa muda mrefu. Nadhani alitaka angalau liwe jini.

Hayo ni ya kuchangamsha. Kesi ninayotaka mwijue hasa ilinifikia nikiwa karibu kuacha kazi, na ilikuwa ya nyumba moja Pumwani. Aliyenipigia ni Idrisa, mpwa wa marehemu Bwana Salim, mfanyabiashara wa vitambaa vya jumla. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na mashine kubwa ya kudarizi, ya kompyuta na mota ya savo, ambayo mke wake Rukia na dada yake Mariam waliiendesha pamoja. Walidarizi kanzu, mitandio, nembo za sweta za shule, na zaidi ya yote mabuibui. Mariam, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, aliishi mlango wa pili kwenye korido hiyohiyo, na watoto wa Rukia walilala kwake kama walivyolala kwao. Mawifi hawa walikuwa wakipendana hadi watu wanawashangaa. Wifi na wifi, jamani, mnajua wenyewe.

Halafu ikatokea ajali. Mashine ilikuwa imesimama, uzi umekatika, Rukia ameinama kuutunga upya, kidole cha shahada kikiwa chini ya sindano. Mariam alikuwa amekaa kwenye vitufe. Sindano ikashuka. Ilipita kwenye ukucha ikatokea chini. Hospitali walifanya walichoweza na kidole kikapona, lakini tangu siku hiyo hakikunjiki wala hakihisi moto wala baridi. Na palepale hospitali, mbele ya jamaa wote waliokuja kumwona, Rukia akasema, "Wifi amebonyeza."

Mariam hakukataa. Hilo ndilo lililoniuma niliposimuliwa. Alisema hakumbuki kubonyeza, lakini mkono wake ulikuwa karibu, basi labda alibonyeza. Maneno hayo yakatosha. Rukia akaacha kumsalimia. Kisha watoto wakakatazwa kuvuka mlango wa shangazi yao. Mafundi wawili waliletwa kwa nyakati tofauti, wakaiwasha mashine, wakasema ni nzima, kosa ni la mtu. Kufikia siku Idrisa aliponipigia, Mariam alikuwa ameshafunga mizigo ahamie Malindi kwa mama yao mdogo.

"Aunti Wanza," Idrisa akaniambia, "mimi niko katikati kama nyama ya sambusa. Huku dada, huku mke. Nataka ukweli tu. Kama dada ndiye alibonyeza, nimsindikize Malindi yaishe."

Nilikwenda. Mariam alinifungulia, mwanamke mkubwa kiasi, mpole, macho yamevimba. Rukia alibaki jikoni na alihakikisha tunasikia sufuria zake. Kitu cha kwanza nilichofanya, na nyinyi mfanye hivyohivyo hata kama mteja amesimama juu ya kichwa chenu, nilitoa sindano zote. Kitu cha pili nilichora mstari kwenye puli ya shafti kuu na kwenye bodi. Nikawasha mashine, nikaisimamisha sindano zikiwa juu, kisha nikakaa na mikono mapajani.

Hakikutokea kitu. Nilikaa hadi nikala mahamri yote niliyowekewa, na mstari haukutikisika. Nilipomwambia Idrisa jioni, akashusha pumzi. "Basi ni yeye."

"Sijasema hivyo. Nimesema sijaona."

Njiani kurudi nyumbani nilijiuliza mashine ile ilikuwa ikifanya nini siku ya ajali kabla ya kusimama. Ilikuwa ikifanya kazi tangu asubuhi. Tangu ajali, haikuwa imefanya kazi. Mafundi wawili wale waliikuta baridi, wakaiwasha, wakaondoka, na mimi nimefanya hivyohivyo, tofauti ni mahamri tu. Kwa hiyo niliporudi nilimwomba Mariam aiendeshe, bila sindano, nembo ya shule mbele na nyuma, tangu asubuhi. Alikataa kugusa vitufe. Nikaiendesha mwenyewe. Baada ya Mariam kuswali adhuhuri, niligusa mgongo wa mota nikaukuta una joto la kikombe cha chai. Nikaisimamisha. Nikakaa tena.

Ikaruka. Tak! Puli ikazunguka, nusu za mstari zikaachana, ile nguzo inayobeba sindano ikashuka na kupanda. Kisha kimya, kama haikufanya kitu.

Mariam alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pembe za leso yake. Aliitazama mikono yake, akanitazama mimi. "Si mimi," akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza.

"Si wewe, mama."

Akakaa chini sakafuni akalia. Na mimi nililia, sioni aibu kulisema. Nimewahi kurekebisha mashine zilizolisha familia nyingi, lakini sijawahi kuona uso wa mtu ukirudi mahali pake namna ile.

Nilizima, nikachomoa plagi, nikafungua kifuniko cha enkoda. Lo! Nilinusa harusi. Harufu tamu, nzito, ya udi na marashi, ikatoka mgongoni mwa mota. Mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umekauka na kupasuka, na kile kisahani cha kioo kilikuwa na utando wa rangi ya kahawia, kama kioo cha taa ya chemni ambacho hakijasuguliwa. Mashine ikiwa baridi, jicho lilikuwa linaona kwa shida lakini linaona. Mota ikipata joto, utando unalainika, na jicho linaona na kutoona. Kisanduku kilikuwa kimeambiwa kishikilie shafti pale pale ilipo. Habari mbovu zikafika kwamba imesogea, nacho kikakimbilia kuirudisha. Shafti haikuwa imesogea. Kilichoirudisha ndicho kilichoisogeza.

Nikamuuliza Mariam nani anafukiza humu ndani.

Akanieleza akijipangusa macho. Mabuibui yakimalizika walikuwa wakiyatundika kwenye kamba nyuma ya mashine, na chini yake wanaweka chetezo chenye makaa na udi, ili mteja apokee nguo yake ikinukia. Wateja walipapenda sana kwa ajili hiyo. Wengine walitoka mbali na kupita mafundi wote wa Eastleigh. Nilichungulia chini. Chetezo kilikuwa kikikaa chini ya mota kabisa, na sakafu hapo ilikuwa na duara jeusi.

"Udi ni mkono wa Rukia," Mariam akasema. "Mimi ukinipa makaa na ubani napiga chafya hadi jirani aje." Akacheka katikati ya machozi. Kisha kicheko kikakatika. Aliniangalia, akaangalia duara lile, na nikajua ameelewa.

Alisogea karibu akashusha sauti. "Aunti, mwonyeshe mashine ikiruka. Ukimaliza, funga kifuniko chako. Udi usiutaje."

"Kwa nini? Amekutesa miezi yote hii."

"Amepoteza kidole. Akijua ni udi wake, atakuwa nalo kila akikitazama. Mimi nimekaa na jambo kama hilo. Simtakii."

Katika kazi hii hakuna anayekufundisha pa kushika hapo. Bwana Salim angejua la kusema, mimi nilisimama tu na kifuniko mkononi. Mwishowe nikamwambia kwamba sitatangaza, lakini Rukia akiniuliza sitamdanganya, kwa sababu fundi akianza kuficha alichokikuta hakuna tena maana ya kumwita. Mariam akakubali kwa kichwa, akaenda kwake, akafunga mlango.

Sikusafisha kisahani. Nilirudisha kila kitu kama nilivyokikuta, nikaiendesha tena hadi mota ikapata joto lake, ndipo nikaenda jikoni kumwita Rukia. Alikuja amekunja mikono, mwembamba, mwenye macho makali, kile kidole kimenyooka peke yake juu ya kiwiko.

"Haya fundi, nionyeshe hicho kioja."

Nikamketisha mbali na vitufe, nikaketi karibu naye, nikamwomba aweke mikono yake mezani kama mimi. Aliona ni mchezo, lakini aliweka. Tulingoja. Aliniuliza nyumbani kwetu ni wapi, nikasema Machakos lakini nimelelewa Shauri Moyo, akasema mama yake alikuwa akinunua mboga huko. Alikuwa anataka kusema kitu kingine mashine iliporuka.

"Astaghfirullah!" Akasimama. "Nani kaigusa?"

"Tuko wawili, Mama, na mikono yetu hii hapa."

Ikaruka tena. Nilizima. Rukia alikuwa amekishika kile kidole kwa mkono wa pili, akikikandakanda, kidole ambacho hakiwezi kuhisi kukandwa. "Nilisema mbele ya watu wote," akasema polepole. "Na watoto wangu, nikawafungia. Kila jioni yule mdogo ananiuliza shangazi amefanya nini." Akaigeukia mashine. "Imekuwaje? Si walisema ni nzima?"

"Jicho lake limeingia uchafu. Likipata joto, haijui ilipo."

"Uchafu gani?"

Nikaanza kutafuta bisibisi. Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu.

"Fundi, nimekuuliza. Uchafu gani?"

"Moshi," nikasema.

"Moshi wa nini? Humu hatupiki."

Nilichomoa plagi, nikalegeza skrubu, nikatoa kifuniko. Akakichukua mkononi mwangu kabla sijakiweka mezani, akakipeleka puani. Rukia huchanganya udi wake mwenyewe, kwa sukari na marashi na vitu ambavyo bibi yake alimwachia na hamwambii mtu. Angeijua harufu ile popote duniani. Alifumba macho. Alipofumbua, alitazama chini ya mota, kwenye lile duara jeusi, na akakaa akilitazama hadi nikatamani anitukane.

"Mariam anajua?"

"Anajua."

"Alisema nini?"

"Alisema nisikuambie."

Aliinuka akatoka bila viatu, kifuniko changu bado kiko mkononi mwake. Mimi nilibaki na kazi yangu. Nilichukua pamba na spiriti nikaanza kusafisha kisahani, taratibu, kutoka katikati kwenda nje, kwa sababu mistari ile ukiikwaruza hairudi. Mlango alikuwa ameuacha wazi, na korido za nyumba zile hazifichi kitu.

Nilisikia akibisha. "Hodi, wifi."

Akabisha tena, mara hii kwa kiganja.

"Wifi. Udi ni wangu."

Nikaacha kusugua. Kisha sauti ya Mariam ikatoka ndani, nzito ya mtu aliyekuwa akilia.

"Na kidole ni chako. Ingia."